Orodha mbili hazioani, au zinaoana kwa kuchelewa: dalili, sababu na dawa

Masheha wameleta madaftari yao, na mtu wa ofisi hapo Chake Chake, Pemba, ameyaingiza yote kwenye jedwali moja la Excel: jina la mkulima wa karafuu, shehia, kitambulisho, simu. Jedwali la pili limetoka kwenye vituo vya kununulia: nani kaleta karafuu, kilo ngapi, alipwe kwa simu ipi. Sasa inatakiwa orodha ya waliomo kwenye daftari la sheha na hawamo kwenye malipo. Kwa kuisikia ni kazi ya asubuhi moja. Ikifika adhuhuri kompyuta imeganda, na pale ilipojibu imejibu uongo: watu chungu nzima wanaambiwa hawapo, na wengine kati yao unawaona kwa macho yako kwenye orodha zote mbili.

Mfano ni wa karafuu, lakini daftari la skuli, la kliniki au la chama cha kuweka na kukopa linaumwa maradhi yale yale. Nimepanga kwa dalili. Kolamu inayomtambulisha mtu pande zote mbili nitaiita ufunguo. Hata kama shida yako ni kasi tu, anza na sehemu hii ya kwanza, kwa sababu ufunguo mchafu ndio unaomlazimisha mtu kutumia fomula nzito, na fomula nzito ndiyo inayogandisha kompyuta.

JINA LIPO KOTE KUWILI, KOMPYUTA INASEMA HALIPO

Usiilaumu fomula kabla ya kuyakagua maandishi yenyewe. Chukua mtu mmoja ambaye una hakika yumo kwenye orodha zote mbili. Weka jina lake la jedwali la kwanza kwenye seli A2, la jedwali la pili kwenye B2, kisha andika =A2=B2. Ikijibu FALSE, pima urefu wa kila moja kwa LEN.

Urefu ukitofautiana, kuna nafasi usiyoiona, mara nyingi mwisho wa jina au mbili zilizofuatana katikati. TRIM inaziondoa. Ikiwa TRIM umeshaitumia na urefu bado haulingani, hiyo ni nafasi ya aina nyengine, herufi namba 160, inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kurasa za intaneti. TRIM haiigusi kabisa. Igeuze kwanza iwe nafasi ya kawaida:

=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))

Urefu ukiwa sawa na jibu bado FALSE, tazama ritifaa. Kwetu huku hili ni tatizo kubwa kuliko linavyoonekana, maana tunaye Moh'd katika kila ukurasa, na tuna shehia kama Ng'ambwa na Ng'ombeni. Ritifaa iliyochapwa moja kwa moja kwenye Excel ni ile iliyonyooka, namba 39. Ile ile ikipitia Word au simu mara nyingi hugeuzwa ikawa iliyopinda, namba 8217. Kwa jicho hazitofautiani, kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali. Kwenye Ng'ambwa ritifaa ni herufi ya tatu, kwa hiyo =UNICODE(MID(A2,3,1)) itakuonesha umepewa ipi. Fomula hiyo ipo kuanzia Excel 2013. Kwenye toleo la zamani la Windows tumia CODE, nayo itajibu 39 au 146.

Dawa si kuzigeuza zote ziwe za aina moja. Zifute. Wapo wanaoandika Ngombeni bila alama yoyote, na ukifuta kote kuwili hao nao wanaingia kwenye mstari:

=SUBSTITUTE(SUBSTITUTE(A2,"'",""),UNICHAR(8217),"")

Hii yote iwekwe kwenye kolamu mpya iitwayo ufunguo. Jina la asili liache kama sheha alivyoliandika. Barua au hundi haitolewi kwa jina lililokatwakatwa.

NAMBA NI ILE ILE, LAKINI HAZIKUTANI

Pembetatu ndogo ya kijani kwenye kona ya seli ndiyo inayokwambia kwamba upande mmoja namba imehifadhiwa kama maandishi. Upande wa pili ni namba kweli, na VLOOKUP, fomula ya Excel ya kumtafuta mtu kwenye jedwali la pili, haioanishi maandishi na namba hata zikisomeka sawa.

Simu ina mkosi wa ziada. Excel ikiiona 0777 na kuendelea, huitupa sifuri ya mbele. Mwengine ameandika kwa +255, mwengine ameacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Badala ya kusuluhisha kila mtindo, chukua tarakimu tisa za mwisho, maana hizo hazibadiliki vyovyote mtu atakavyoandika:

=RIGHT(SUBSTITUTE(D2," ",""),9)

Jibu linatoka likiwa maandishi pande zote mbili, kwa hiyo ugomvi wa namba na maandishi nao unakwisha hapo hapo. Angalia tu seli zenye simu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Zigawe kabla, la sivyo utabaki na ya pili peke yake.

Kitambulisho cha taifa cha NIDA kina tarakimu 20, na hapa ndipo watu wanapoharibu data bila kujua. Excel hushika tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zilizobaki inazigeuza sifuri, kisha inakuonesha kitu kama 1.985E+19. Faili likishahifadhiwa hivyo, tarakimu tano za mwisho zimekufa na hakuna fomula ya kuzifufua. Rudi kwenye karatasi. Tena kosa lake ni baya kuliko kutokutana, kwa sababu tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Waliozaliwa siku moja wameshafanana nusu ya safari, na wazee wengi kwenye madaftari wameandikiwa tarehe 1 Januari kwa kuwa siku yenyewe haikujulikana.

Kwa hiyo faili la CSV, lile la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, usilifungue kwa kulibofya mara mbili. Liingize kupitia menyu ya Data, na uitangaze kolamu ya kitambulisho kuwa ni maandishi kabla ya kukubali.

Kuna mtego mmoja unaowapata hata walioifanya kazi vizuri. Umehifadhi NIDA kama maandishi, tarakimu zote 20 zipo, halafu unatafuta waliojirudia kwa COUNTIF, nayo inakwambia watu wawili tofauti ni mmoja. COUNTIF inayageuza maandishi yale kuwa namba kimyakimya na kulinganisha tarakimu 15 za mwanzo. Iongezee nyota, =COUNTIF(C:C,C2&"*"), na italazimika kuyasoma kama maandishi.

MISTARI IMEZAANA

Umeanza na wakulima 4,000, umeunganisha, umepata 4,600. Hakuna aliyeongezeka Pemba kwa usiku mmoja. Ufunguo wako unajirudia: mtu aliyemo mara tatu huku na mara nne kule anatoka mistari 12. Hesabu marudio pande zote mbili kabla ya kuunganisha, na uamue yanatokana na nini. Mkulima aliyepeleka karafuu kituoni mara tano ana haki ya mistari mitano. Hapo jumlisha kilo zake kwanza, kisha ndipo uoanishe. Aliyeandikwa mara mbili na sheha yule yule ni kosa la kuandika.

Tafuta pia maneno ya kujazia pengo. Watu wasio na simu wameandikiwa 0, HANA, au kistari. Mia mbili wenye HANA huku na mia mbili wenye HANA kule ni mistari 40,000, na hiyo peke yake inatosha kuifanya kazi ya dakika moja ichukue saa. Zifute ziwe tupu, na walio tupu usiwaoanishe kwa simu.

VLOOKUP ina ugonjwa wa kinyume: haizai mistari. Inachukua wa kwanza iliyemkuta na kunyamaza. Akiwepo Ali Juma Ali wawili katika shehia moja, wote wawili watapewa kilo za mmoja. Na ukisahau kuandika FALSE (au 0) mwishoni mwa fomula, hujaiambia itafute aliye sawasawa, bali aliye karibu, na kwenye orodha isiyopangwa utapewa kilo za mtu usiyemjua. XLOOKUP, kwa walio na Excel mpya, hutafuta aliye sawasawa bila kuambiwa.

MTU NI MMOJA, JINA LIMEANDIKWA VYENGINE

Hapa ndipo penye kazi kweli, na programu zilizotengenezwa kwengine hazitusaidii kama zinavyoahidi.

Kanzidata nyingi zina fomula ya SOUNDEX, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa jina la Robert Russell. Inabakiza herufi ya kwanza ya jina na kuzigeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu. Kwa majina ya Kiingereza inafaa. Itie majina yetu uone: Khamis inatoka K520, Hamisi inatoka H520, kwa hiyo hawatakutana hata siku moja. Salim ni S450, na Salum naye ni S450, kwa hiyo hao wawili, ambao kila mama Pemba anajua ni watoto tofauti, inawafanya mmoja. Mohamed ni M530 na Moh'd ni M300. Imekosea pande zote.

Njia ya pili ni kuhesabu herufi za kubadilisha, kipimo cha Vladimir Levenshtein cha mwaka 1965. Kutoka khamis kwenda hamisi ni hatua mbili: toa k, tia i. Kutoka salim kwenda salum ni hatua moja. Ukiweka mpaka wa hatua mbili unawaunganisha wote. Ukiweka moja unawaunganisha wale wasiohusiana na kuwaacha walio mtu mmoja. Hamad na Hamid nao ni hatua moja. Kipimo si kibaya, ila hakijui kwamba kwetu kh na h ni kaka na dada, na kwamba i ya mwisho huja na kuondoka.

Kanuni hizo unazijua wewe, basi ziandike mwenyewe. Mimi nazifuata kwa mpangilio huu: herufi zote ziwe ndogo, ritifaa na nukta zifutwe, bin, binti na bint ziondolewe, kh iwe h, herufi zilizorudiwa zibaki moja, h ya mwisho wa jina idondoke, i ya mwisho baada ya konsonanti idondoke. Kwa hayo Khamis na Hamisi wote ni hamis, Abdalla na Abdallah wote ni abdala, Bakar na Bakari wote ni bakar, Mussa na Musa ni musa. Salim na Salum wanabaki kila mtu na lake. Ndiyo, Ali anakuwa al na Haji anakuwa haj. Haidhuru, ufunguo hausomwi na mtu.

Yanayobaki hayana kanuni. Yatengenezee jedwali dogo la kolamu mbili, jina lilivyoandikwa na jina litakavyosimama: mohd kwa mohamed, muhamed kwa mohamed, fatuma kwa fatma, seleman na sleiman kwa suleiman, osman kwa othman. Jedwali hilo halitoki kichwani kwa siku moja. Toa orodha ya majina yasiyokutana, yapange kwa wingi, na anza na yale yanayojirudia zaidi. Likishatulia lihifadhi, litakufaa kwa kila orodha ya baadaye, ya karafuu au ya chanjo.

Tahadhari juu ya OpenRefine, programu nzuri ya bure ya kusafishia data. Njia yake ya kwanza ya kukusanya majina hulivunja jina vipande, hupanga vipande kwa alfabeti na huondoa vilivyorudiwa. Sasa fikiria Juma Ali Juma, aliyempa mwanawe jina la babu yake kama desturi: mtoto ni Ali Juma Ali. Baba na mwana wote wanatoka "ali juma". Kwetu mpangilio wa majina matatu ndio nasaba yenyewe, basi usiuvuruge. Oanisha jina la kwanza kwa la kwanza, la baba kwa la baba, la babu kwa la babu.

Kuhusu shehia, adui ni ufupisho. Wete kuna Mtambwe Kaskazini na Mtambwe Kusini, na kwenye daftari unakuta "Mtambwe K". K gani? Hakuna fomula itakayokujibu. Mpigie simu aliyeandika. Chake, Chake Chake na Chake-Chake angalau zinasahihishika bila kuuliza. Ukiweza, ipe kila shehia namba tangu siku ya kwanza na jina liwe la kusomea tu.

EXCEL INAGANDA

Ufunguo umeshasafika, sasa tuingie kwenye kasi. Tuseme una wakulima 20,000 na mistari ya malipo 30,000. VLOOKUP ya kutafuta aliye sawasawa, kwenye Excel kama ya 2010 au 2013, inaanza juu na kushuka mstari kwa mstari. Asiyekuwemo anasababisha mistari yote 30,000 isomwe. Kwa hali mbaya kabisa ni ulinganisho milioni 600, na hiyo ni kwa kolamu moja ya majibu. Ukitaka kilo, kituo, tarehe na simu, umezidisha kwa nne. Excel za usajili tangu 2018 zimepunguza adha hii kwa kujiwekea kumbukumbu ya ndani, lakini faili lako huenda likafunguliwa na mwenzako mwenye toleo la zamani.

Punguzo la kwanza ni rahisi: tafuta mara moja. Kolamu moja iwe na MATCH, inayokwambia mkulima huyu yuko mstari wa ngapi kwenye malipo. Kolamu nyengine zote zitumie INDEX na namba hiyo. INDEX haitafuti, inakwenda moja kwa moja.

Punguzo la pili ni kubwa zaidi. Panga jedwali la malipo kwa ufunguo kutoka A kwenda Z, kisha tumia utafutaji wa karibu, ule wa TRUE, mara mbili (malipo ni jina ulilolipa jedwali hilo):

=IF(VLOOKUP(A2,malipo,1,TRUE)=A2,VLOOKUP(A2,malipo,3,TRUE),"hayumo")

Utafutaji huu unafanya unavyofanya wewe na kamusi: unafungua katikati, unatupa nusu isiyohusika, unafungua katikati tena. Mistari 30,000 inakwisha kwa hatua 15. Wakulima 20,000, mara hatua 15, mara mbili, ni hatua 600,000, yaani sehemu moja ya elfu ya zile za mwanzo. Ile VLOOKUP ya kwanza kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyepatikana ndiye, si jirani yake. Sharti ni moja: jedwali linalotafutwa libaki limepangwa. Mtu akiongeza mistari chini bila kupanga upya, majibu yanaharibika na hakuna kengele itakayolia. Ufunguo unaotangulia wote kwenye malipo utakupa #N/A. Izungushie IFERROR yaishe.

Kama bado nzito, kagua haya. INDIRECT, OFFSET na TODAY zinapigwa hesabu upya kila unapogusa seli yoyote, hata isiyohusika. SUMPRODUCT iliyopewa kolamu nzima inapitia mistari 1,048,576, hata ukiwa na 20,000, iwekee mpaka. Rangi za kuonesha marudio kwenye kolamu ndefu ni mzigo pia. Unapojenga fomula, geuza hesabu iwe ya mkono na ubonyeze F9 ukishakuwa tayari. Ukimaliza, nakili majibu na uyabandike kama thamani tupu, fomula ziondoke.

Ukijikuta unafanya hivi kila msimu, acha fomula, tumia Power Query, iliyomo ndani ya Excel tangu 2016. Unachagua majedwali mawili, unachagua ufunguo, na ina aina ya muunganiko inayotoa moja kwa moja waliomo kushoto na hawamo kulia, ndilo swali tuliloanza nalo.

KANZIDATA INACHELEWA

Wenye MySQL au PostgreSQL wana shida nyengine: mashine ina nguvu, lakini swali limeandikwa kwa namna inayoifunga mikono. Kosa linaloongoza ni kusafisha ndani ya muunganiko (m ni jedwali la malipo, w la wakulima):

ON LOWER(TRIM(m.jina)) = LOWER(TRIM(w.jina))

Faharasa (index) uliyoijenga juu ya kolamu jina haiwezi kutumika hapa, kwa sababu kinacholinganishwa si jina, ni matokeo ya fomula. MySQL ya kabla ya 8.0.18 itasafisha na kulinganisha kila jozi. Safisha mara moja, hifadhi kwenye kolamu ufunguo, jengea faharasa, kisha unganisha kwa m.ufunguo = w.ufunguo.

Linalofuata ni aina zisizolingana. Simu ni maandishi huku na namba kule. MySQL inageuza maandishi kuwa namba kwa kila mstari na faharasa ya kolamu ya maandishi inaachwa. Majedwali yaliyotengenezwa miaka tofauti yanaweza pia kuwa na usimbaji tofauti wa herufi, moja utf8 na jengine utf8mb4, na hilo nalo linaweza kuinyima faharasa kazi. Yafanye yawe mamoja.

Usikisie, andika EXPLAIN mbele ya swali lako. Kwenye MySQL, neno ALL chini ya type kwa jedwali la pili maana yake jedwali zima linasomwa. Kwenye PostgreSQL usitishike kila ukiona Seq Scan: ikiwa juu yake kuna Hash Join, kila jedwali linasomwa mara moja tu na hiyo ni nzuri. Cha kuogopa ni Nested Loop yenye Seq Scan ndani yake kwa majedwali makubwa. Kama umetoka kuingiza data nyingi, endesha ANALYZE kwanza, kwa sababu mpangaji wa maswali huenda bado anadhani jedwali ni tupu.

Na lile linaloshangaza: umeuliza nani hayumo kwenye malipo kwa NOT IN, jibu ni sifuri, na unajua si kweli. Kwenye kolamu ya malipo kuna NULL, yaani pengo lisilo na thamani yoyote, hata kama ni moja tu. NULL haijulikani, kwa hiyo kanzidata haiwezi kuapa kwamba mkulima yeyote hayumo, na inawaacha wote. Tumia NOT EXISTS.

ULINGANISHO WA MAJINA YA KUFANANA HAUMALIZIKI

Umesafisha, umeoanisha walio sawasawa, wamebaki wachache wa kupima kwa Levenshtein. Hao tu ndio wapimwe. Ukiwatia wote, 20,000 kwa 30,000 ni jozi milioni 600, na kila jozi ni hesabu nzito kuliko ulinganisho wa kawaida.

Wagawe mafungu kwanza, fungu kwa shehia, na umlinganishe mtu na wa shehia yake tu. Kama shehia ni 100 na watu wamegawanyika sawa, jozi zinashuka hadi milioni 6. Hawagawanyiki sawa, lakini unafuu ni mkubwa.

Ubaya wake ni kwamba sheha humuandika mtu anapolala, na kituo kinaweza kumuandika lilipo shamba. Mtu anakaa Wete mjini, mikarafuu yake iko Mtambwe. Kwa hiyo fanya awamu ya pili kwa waliobaki, fungu liwe tarakimu sita za mwisho za simu, na ya tatu kwa mwaka wa kuzaliwa pamoja na jina la babu. Kila awamu ni nyepesi, na waliokwisha kuoana hawarudi tena.

Unapotoa alama za kufanana, usilipe kila jina uzito sawa. Ivan Fellegi na Alan Sunter, waliokuwa kwenye takwimu za Kanada, waliweka hesabu ya jambo hili mwaka 1969: kukubaliana kwenye kitu adimu kunathibitisha zaidi kuliko kukubaliana kwenye kitu cha kawaida. Watu wawili wote kuitwa Ali Juma Khamis ni ushahidi mdogo sana huku kwetu. Wenye alama za katikati wachapishe kwenye karatasi na umpelekee sheha. Yeye anawajua kwa sura, na kwa dakika kumi atakumalizia kilichoishinda programu.

UKITAKA KUMUULIZA MWENGINE

Kuna mtindo wa kuandika kwenye kundi la simu "Assalaam alaykum, kuna mtu anaijua Excel hapa?" kisha kukaa kimya. Salamu inajibiwa na watu ishirini, swali halijibiwi na yeyote, kwa sababu halijaulizwa. Salimia, halafu hapo hapo useme yote: programu na toleo lake, mistari mingapi kila upande, ulitaka nini, umepata nini, umeshajaribu nini. Fomula iandike kama maandishi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu haiwezi kunakiliwa.

Faili lenyewe usilitume. Wakulima walimpa sheha simu na vitambulisho vyao kwa ajili ya karafuu, si kwa ajili ya kundi la watu usiowajua nusu yao. Tunga mistari kumi ya uongo inayoonesha shida ile ile: Moh'd mmoja na Mohamed mmoja, Mtambwe K moja, simu moja iliyopoteza sifuri, HANA mbili. Ukipata dawa, rudi uandike ni ipi iliyofaa pamoja na fomula yake, ili aliye Wete au Mkoani atakayekwama msimu ujao aikute.